Kivuko Nacho Huzeeka: Mazungumzo na Wakazi Kuhusu Vivuko vya Magogoni na Kigamboni

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mwaka 2024 na fundi mstaafu wa mitambo ya vyombo vya majini, mbele ya mkutano wa wakazi wa kata, Kigamboni. Yanachapwa hapa kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumzie vivuko vyetu. Wapo walioniambia nije kulaumu, na wapo walioniambia nije kutetea. Mimi si msemaji wa wakala wowote, wala sikutumwa na mtu. Ni mzee aliyeutumia ujana wake katika chumba cha mashine, na ambaye sasa anavuka kama mnavyovuka ninyi, kwa miguu, kadi mkononi, akisukumana na mikokoteni na ndoo za samaki. Neno langu leo ni moja. Chombo kizee hakihitaji kuhurumiwa wala kutukanwa. Kinahitaji mambo mawili: kupumzishwa kwa wakati wake na kupakiwa kwa kiasi chake. La kwanza ni wajibu wa serikali. La pili ni wajibu wetu sote, na hilo la pili ndilo lililonitoa nyumbani leo.

Mji uliozoea kuvuka

Upande wa pili wa maji kuna kata iitwayo Kivukoni, na upande huu wetu kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1961 kikiitwa Chuo cha Kivukoni, ambacho leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Majina hayo hayakutungwa na mtu mezani. Yametokana na kazi iliyokuwa ikifanyika mahali hapo kila siku: kuwavusha watu katika mlango wa bandari. Ukisimama gati la Magogoni, nyuma yako kuna Soko la Samaki la Feri na jirani kuna Ikulu, na mbele yako kuna sisi. Maji yanayotutenganisha ni membamba kiasi kwamba mtu mwenye macho mazuri humtambua ndugu yake ng'ambo kwa mwendo wake.

Tarehe 19 Aprili 2016 lilifunguliwa Daraja la Nyerere kule Kurasini, lenye urefu wa mita 680. Siku zile nilisikia watu wakisema kwamba kazi ya vivuko imekwisha. Haikwisha. Daraja limewafaa sana wenye magari, nasi tunalishukuru. Lakini mama anayetoka Tungi kufuata samaki Feri alfajiri, kijana anayekwenda kuuza duka Kariakoo, mwanafunzi, karani wa Posta, hao wote bado njia yao ya karibu ni maji. Kabla ya daraja, aliyeshindwa kuvuka alilazimika kuzungukia Kongowe. Sasa huzungukia Kurasini. Kwa mtu wa miguu, vyote viwili ni kuzunguka, na kuzunguka kuna nauli yake.

Hesabu inayoeleza foleni

Sasa naomba tufanye hesabu ndogo, kwa sababu foleni inayotukera kila asubuhi chanzo chake ni hesabu.

Kivuko cha MV Magogoni kilianza kazi mwaka 2008. Uwezo wake ni abiria 2,000 na magari 60. MV Kigamboni uwezo wake ni abiria 800 na magari 22. MV Kazi, kilichojengwa na kampuni ya hapa nyumbani ya Songoro Marine, nacho kinachukua abiria 800 na magari 22. Vivuko vyote vitatu vikiwa kazini, katika mzunguko mmoja vinaweza kubeba abiria 3,600 na magari 104.

Mwaka 2023 MV Magogoni kilipelekwa Mombasa kwa ukarabati mkubwa, kwa mkataba wa takriban shilingi bilioni 7.5. Toeni wenyewe: abiria 2,000 kutoka 3,600 wanabaki 1,600, na magari 60 kutoka 104 yanabaki 44. Yaani siku kivuko hicho kilipong'oa nanga, zaidi ya nusu ya uwezo wetu wa kuvuka uliondoka nacho. Ukarabati umechukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka wa pili huu sisi tunaishi na ile nusu ndogo. Tena vile viwili vilivyobaki navyo ni vyuma, vina zamu zao za kukaguliwa na kutengenezwa. Kimoja kikiingia matengenezoni, kinabaki kimoja, abiria 800, na watu wa Kigamboni ni wale wale.

Kwa hiyo mkazi anaponiambia kwamba siku hizi anaamka saa kumi ya usiku ili awahi kazi saa mbili ya asubuhi, simwambii kwamba anatia chumvi. Hesabu inamuunga mkono.

Kwa nini chombo cha miaka 16 huitwa kizee

Kuna swali ninaloulizwa mara nyingi: mbona kuna meli zinazovuka bahari kuu kwa miaka mingi, na hiki cha kuvuka maji haya ya dakika chache tu kinachoka upesi?

Jibu ni kwamba meli ya masafa na kivuko hawazeeki kwa namna moja. Meli ya masafa ikishatoka bandarini, injini hupewa mwendo mmoja na hubaki katika mwendo huo siku nyingi. Kivuko hakina raha hiyo. Huondoka, huongeza nguvu, hukwepa meli inayoingia bandarini, hupunguza nguvu, hugusa gati, hushusha mlango, huuinua, kisha huanza tena. Tuseme, kwa mfano tu, kivuko kimevuka mara 20 kwa siku. Kwa mwaka hizo ni mara 7,300. Kwa miaka 15 ni zaidi ya mara 100,000. Kila mara mlango wa chuma unashuka kwa kishindo juu ya zege. Kila mara malori yanapita juu ya bawaba zile zile. Basi ukitaka kujua umri wa kivuko, usihesabu miaka peke yake. Hesabu ni mara ngapi kimegusa gati.

Juu ya hayo kuna chumvi. Maji ya bahari hula chuma usiku na mchana, chombo kiwe kinatembea au kimefungwa. Bamba la chuma lililokuwa nene linapunguzwa na kutu kidogo kidogo, na mahali panapoliwa zaidi ni pale usipopaona, chini ya maji. Chini huko huota pia magamba na majani ya bahari. Chombo chenye magamba ni kama mtu anayekimbia amevaa kanzu iliyolowa: nguvu ni ile ile, mwendo umepungua, na mafuta yanayochomwa yameongezeka.

Kisha kuna maji kujaa na kupwa. Hapa kwetu, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu. Maji yakijaa, mlango wa kivuko hulala karibu sawa na gati. Yakipwa, mlango huinama, na lori lenye mzigo hulazimika kupanda kilima cha chuma kilicholowa maji. Ndiyo maana kuna saa ambazo mabaharia huwazuia wenye malori, na wenye malori hukasirika. Baharia hamchukii mwenye lori. Anaitazama bahari.

Magonjwa haya hayatibiki chombo kikiwa majini. Lazima kipandishwe katika chelezo kikavu, kikwanguliwe, mabamba yapimwe unene, yaliyoliwa yakatwe na kuwekwa mapya, na mitambo ifunguliwe yote. Fundi akishafungua huona ambayo hayakuonekana nje. Mnaojenga nyumba mnalijua jambo hili: umeita fundi azibe tundu la paa, akapanda juu, akakuta mbao zote zimeliwa na mchwa. Hapo fedha na siku huongezeka. Sisemi hivi ili kuhalalisha kila ucheleweshaji. Nasema ili mjue kwamba matengenezo ya chombo yanayosogezwa mbele mwaka hadi mwaka hulipwa siku moja, na bei yake huwa kubwa kuliko ile iliyokwepwa.

Mtu mmoja tu

Ndugu zangu, sasa naomba niseme jambo ambalo sijalisema mbele za watu.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika kivuko kimoja cha nchi hii ambacho sitakitaja. Ilikuwa siku ya gulio. Chombo kilikuwa kimejaa, na mkuu wa kivuko aliniamuru nifunge mnyororo. Nyuma ya mnyororo alibaki mama mmoja na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na homa, kichwa kimelala kama ua lililokauka. Yule mama akaniambia, "Mwanangu, ni mtu mmoja tu." Nikatazama ubavuni, kwenye alama inayoonyesha chombo kimezama kiasi gani. Maji yalikuwa yameshaifikia. Nikaufunga mnyororo.

Tuliporudi, nilimtafuta gatini. Hakuwepo. Mtu akaniambia amepata mtumbwi. Habari ya mtoto yule sijaipata hadi leo, na macho ya mama yule ninayo hadi leo.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikosea. Mwaka 1994, tarehe 29 Aprili, kivuko cha Mtongwe kule Mombasa kilipinduka kikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake, na watu zaidi ya 250 wakafa. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere, kivuko chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Taifa lilizika watu zaidi ya 220. Tazameni hesabu hiyo: waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya idadi ambayo chombo kiliruhusiwa kubeba. Na vyote viwili vilipinduka nchi kavu ikionekana. Watu wa pwani waliwaona ndugu zao wakienda. Ukaribu wa gati haujawahi kumwokoa mtu ambaye chombo kimemlalia.

Sidhani kwamba katika misiba ile kulikuwa na abiria aliyepanda akisema, "Mimi ndiye nitakayekizamisha." Kila mmoja alikuwa mtu mmoja tu. Mwenye gunia lake alikuwa na gunia moja tu. Kila mmoja alikuwa na gulio lake, mgonjwa wake, mtoto wake wa shule. Chombo hakijui sababu zetu. Kinajua uzito.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama ningeufungua mnyororo ule, jibu langu ni hapana. Lakini nimeelewa jambo jingine uzeeni. Kosa la siku ile halikuwa kuufunga mnyororo. Kosa ni kwamba nyuma yetu hapakuwa na chombo cha pili cha kumchukua yule mama. Baharia aliachwa peke yake achague kati ya mtoto mmoja na watu mia kadhaa. Huo si uchaguzi wa kumpa kijana wa miaka ishirini na mbili. Unapaswa kufanywa mapema, ofisini, na watu wanaopanga bajeti, kwa kuhakikisha kwamba chombo kimoja kinapokwenda kutibiwa, kingine kipo.

Tunayopaswa kuyaomba

Vivuko vya Magogoni na Kigamboni viko chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme, yaani TEMESA, na usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na TASAC. Halmashauri yetu haimiliki kivuko hata kimoja. Lakini diwani anacho kiti katika baraza, na baraza linayo sauti. Kwa hiyo namwomba Mheshimiwa Diwani atufikishie maombi manne.

Kwanza, tupewe ratiba ya matengenezo mapema. Mfanyabiashara akijua kwamba kivuko fulani kitaondoka mwezi fulani na kinatarajiwa kurudi mwezi fulani, atapanga mambo yake. Tarehe ikibadilika, tuambiwe imebadilika kwa nini. Watu huvumilia shida waliyoelezwa kuliko shida ndogo waliyofichwa.

Pili, kivuko kikubwa kisiondoke kwenda matengenezoni kabla ya kupangwa kitakachoziba pengo lake. Hesabu ya 3,600 na 1,600 inaweza kufanywa na mtoto wa darasa la nne, na ingefaa ifanywe kabla ya safari.

Tatu, idadi ya abiria wanaoruhusiwa iandikwe kwa herufi kubwa langoni, na lango lifungwe idadi hiyo inapotimia. Siku hizi tunaingia kwa kadi, na kadi inaweza kuhesabu. Hesabu hiyo isiishie kwenye mapato. Itumike pia kulinda roho za watu.

Nne, pawe na mlango wa wagonjwa, wajawazito, wazee na wenye ulemavu, unaofanya kazi saa zote na unaojulikana na walinzi wa zamu zote. Yule mama wa gulioni angepita mlango huo kabla ya mwenye gunia.

Tunayopaswa kuyafanya

Sasa zamu yetu. Mwaka 2012 nauli ya mtu mzima ilipopanda kutoka shilingi 100 hadi shilingi 200, mji mzima ulizungumza, na ilikuwa haki yetu kuzungumza. Lakini sijasikia mji ukizungumza kwa sauti ile ile pale vijana wanaporuka mnyororo. Shilingi mia tuliitetea. Roho zetu je?

Naomba mambo machache. Tusiruke mnyororo, na tusimshangilie anayeuruka. Mlango ukiwa bado haujagusa gati, tusisogee wote mbele, maana chombo huinamia upande watu walipo. Tutulie mahali petu hadi ifungwe kamba. Makoti ya kujiokolea tujue yalipo, tusiyafanye mito ya kukalia.

Wenye magari, zimeni injini, vuteni breki ya mkono, na abiria wenu washuke. Mwaka 2019 kule Likoni gari liliteleza kinyumenyume kutoka kivukoni likazama likiwa na mama na mtoto wake. Bajaji na bodaboda nao wasijipenyeze katikati ya magari mlango ukiwa wazi. Ile nafasi unayoiona wewe kuwa ni ya kupita, baharia aliiacha makusudi.

Na la mwisho ndilo ninaloliomba zaidi. Msimtukane kijana anayefunga lango. Pengine ni mtoto wa jirani yako. Anaweza kuonekana mkali na asiye na huruma, na siku hiyo anaweza kukufanya uchelewe kazini ukakatwa mshahara. Mlalamikie mwajiri wake, mwandikie diwani wako, uje kwenye mkutano kama huu useme kwa sauti kubwa. Lakini pale langoni, alipofika abiria wa mwisho anayeruhusiwa, mwache afunge. Wewe utavuka safari inayofuata, na wale walioondoka watafika.

Jana jioni nilivuka kutoka Magogoni nikiwa na mjukuu wangu. Tuliachwa na safari moja, tukasimama kwenye uzio tukikitazama kivuko kikienda. Mtoto akaniuliza, "Babu, kimetuacha?" Nikamwambia, "Kimewabeba wanaotosha. Kinarudi kutuchukua." Akahesabu taa zake hadi kilipofika ng'ambo, na kikarudi kweli. Naomba sote, viongozi na wakazi, tufanye kila linalowezekana ili neno hilo nililomwambia mtoto liendelee kuwa kweli.